Neno Hili Limezaliwa Wapi

Ogeto alikuwa mtu wa maringo, tuseme ukweli tu, na katika vitu vyote alivyoringia hakuna kilichoizidi Rigena. Rigena kwa Ekegusii ni jiwe. Ndilo jina alilokipa kihariri chake, yaani ile programu ambayo mwandishi wa programu huitumia kuandikia kazi yake, kama fundi wa nguo na cherehani. Aliitengeneza mwenyewe angali chuoni, na miaka yote aliyowaandikia watu wa Kisii programu za maduka na zahanati hakugusa kihariri kingine. Rigena ilikuwa tupu kwelikweli: ukurasa mweusi, herufi nyeupe, basi. Wenzake walikuwa na vihariri vyenye seva ya lugha, programu ya pembeni inayoijua lugha nzima ya kazi. Ukianza neno inakumalizia, ukikosea inakupigia mstari mwekundu chini ya kosa lako. Kuna watu waliokuwa wakiitumia Rigena huko na huko, nao walimwandikia kumwomba aiwekee seva hiyo. Aliwapa wote jibu moja: anayetaka kukumbushwa maneno arudi darasa la kwanza.

Mkewe Kemuma, mzaliwa wa Nyamira, aliyesoma naye na sasa akifundisha kompyuta katika chuo cha ufundi, alikuwa akimwambia, akimwita kwa jina la binti yao, "Baba Sharon, kiburi si maungwana." Naye alicheka tu, akaendelea kuandika.

Kiharusi kilimpiga asubuhi moja akinawa uso, hapo hapo nyumbani Kiogoro, kabla hajafika umri ambao watu huuhofia kwa magonjwa hayo. Mkono wa kulia ulirudi nusu. Mguu ulirudi na fimbo. Maneno hayakurudi. Mtaalamu wa kufundisha watu kusema upya alimweleza Kemuma kwamba mumewe anaelewa anachoambiwa na anachosoma, ila njia ya kutoka kwenye wazo kwenda kwenye jina lake imebomoka. Ataona kijiko na atajua ni cha nini, lakini jina la kijiko litamkwepa. Kuhusu kazi, mtaalamu alisema tungoje tuone. Ekegusii kilianza kurudi kwanza, kwa vipande: ninki, bono, rora, yaani nini, sasa, tazama. Kiswahili kikafuata kikichechemea. Kiingereza, ambacho ndicho kilichojaa katika kazi yake, kilirudi matone matone, tena kilirudi na sauti ya kijijini.

Maana Ekegusii hakina l. Mtoto wa Kigusii huipata l shuleni, kwa kiboko na kwa kuchekwa, na wengine huishi hadi kaburini bila kuipata. Watu wa nje wamelifanya jambo hilo mzaha wa miaka nenda miaka rudi. Ogeto aliipata mapema, akaipata vizuri, hata akawa yeye ndiye wa kuwacheka wenzake. Sasa kiharusi kilikuwa kimeichukua. Siku alipoketi tena mbele ya Rigena, akataka kuiambia kompyuta ifungue faili, vidole vyake viliandika "fire" badala ya "file". Akafuta, akaandika tena "fire". Ni moto huo, si faili, na kompyuta haina subira ya kubahatisha mtu alikusudia nini. Alijaribu mpaka jasho likamtoka, kisha akazima mashine na kugeuza kiti chake kikatazama ukuta.

Sasa, kulikuwa na Rashad. Rashad Abdinasir ana ghala la mbolea, mbegu na vyakula vya mifugo mjini Kisii, na tawi huko Nyamache. Programu inayoliendesha ghala hilo aliiandika Ogeto. Kabla ya ugonjwa Rashad alikuwa amemwomba aongeze jambo moja: mzigo ukikaribia kwisha ghalani, simu ya tawi la Nyamache ipate ujumbe wenyewe, ili wakulima wasiambiwe mbolea iko njiani kumbe haipo. Ugonjwa ulipoingia, vijana wengine walibisha hodi wakitaka kazi hiyo. Rashad aliwajibu, "Nina fundi wangu. Anaumwa, atapona." Kisha akaja mwenyewe Kiogoro na mkungu wa ndizi, kana kwamba Kiogoro hakuna ndizi, akaketi kando ya mgonjwa akamwambia hivyo hivyo.

Tangu siku ile Ogeto alikuwa na jambo moja tu duniani. Aimalize kazi ya Rashad kwa mkono wake mwenyewe. Hakuweza kulisema, lakini Kemuma aliliona kila asubuhi alipomkuta amekwisha kuketi mezani mbele ya ukurasa mweusi, amevaa shati la kazi na kulifunga vifungo vyote. Aliona pia kwamba mumewe hakuwa amebakiza sababu nyingine ya kuamka.

Basi akapiga moyo konde.

"Baba Sharon," alimwambia, "nataka kuiwekea Rigena seva ya lugha. Ikukumbushe majina. Wazo ulilonalo ni lako, yenyewe italeta majina tu."

Mwanamume aliyekuwa na jibu tayari kwa kila mtu sasa alitafuta neno moja akilipapasa kama mtu anayetafuta swichi gizani. Machozi yalimlengalenga.

"Weka," alisema.

Kemuma alitoka nje akaenda nyuma ya jiko akalia. Angependa zaidi kama mumewe angekataa.

Kazi yenyewe haikuwa ndogo. Rigena iliandikwa na mtu asiyetaka kusaidiwa, na kila mstari wake ulionyesha hivyo. Hakuna mahali popote ambapo ilitarajia kuzungumza na programu nyingine. Kemuma alilazimika kuifundisha kumwita mgeni, kumuuliza swali, na kuendelea na shughuli zake jibu linapochelewa, badala ya kuganda na kumwacha mwandishi akitazama mbingu. Ujumbe wowote kwa seva hutanguliwa na urefu wake. Ukitaja urefu pungufu, seva hukatisha ujumbe katikati na kukunyamazia kama mkwe aliyekosewa adabu. Siku nyingi iliwanyamazia hivyo kila faili ya Rashad ilipofunguliwa, na kumbe chanzo kilikuwa jina la bidhaa moja, chakula cha ng'ombe. Ile alama ndogo ya ng'o, Rashad alikuwa ameinakili kutoka kwenye barua zake, imepinda. Machoni ni alama moja, ndani ya kompyuta inachukua nafasi ya herufi tatu, hivyo urefu uliotajwa ukawa pungufu. Kemuma alipoligundua hilo alicheka, akamwita Ogeto amwonyeshe, na Ogeto naye akacheka. Hawakuwa wamecheka pamoja tangu hospitali.

Likabaki lile la moto na faili. Orodha ya maneno sasa ilikuwa ikishuka chini ya kidole kama ilivyotakiwa, lakini orodha hufuata herufi unazoandika. Ogeto akigusa f, i, kisha r, "file" lilitoweka, maana halina r. Mtu anayelihitaji neno kuliko wote ndiye aliyekuwa analifukuza. Kemuma alilifikiria jambo hilo akiwa darasani, akiwa sokoni, akiwa kanisani siku ya Sabato wakati mhubiri akisema mengine. Mwishowe aliiamuru Rigena iilazimishe seva kutoa maneno yote, kisha Rigena yenyewe iyachuje, na katika kuchuja ihesabu l na r kuwa herufi moja. Basi. Pengine hakuna kihariri kingine duniani kinachosikia Kigusii.

Alimketisha mumewe. Ogeto akaandika f, i, r. Orodha ikashuka, na neno la kwanza lilikuwa "file". Alilitazama. Akabonyeza, likaandikika lenyewe, l yake imesimama wima kama mwanafunzi aliyeoga.

"Nyasae!" Ogeto alimwita Mungu kwa sauti, na mama yake, Jacinta, akaja mbio kutoka jikoni na mwiko mkononi, akidhani mwanawe ameanguka tena.

Tangu hapo Ogeto alikuwa akiandika kila siku. Polepole, kwa mkono wa kushoto, lakini akiandika. Mistari myekundu ilikuwa mingi mwanzoni, kisha ikapungua, kisha siku zikafika ambapo ukurasa mzima ulikuwa safi. Kemuma akirudi kutoka chuoni, Ogeto alimwita kwa kidole, akamwonyesha. "Nyekundu?" Naye akajibu, "Hakuna." Jacinta, ambaye hakujua faili wala seva, alijifunza neno hilo moja, akawa akipita dirishani na kuni zake akiuliza, "Leo nyekundu iko?" Na akiambiwa hakuna alimshukuru Mungu kwa sauti hadi majirani wakasikia.

Siku moja Ogeto aligonga skrini akauliza, "Wapi?" Kemuma hakuelewa. "Hii. Wapi?" Alikuwa ameweka kidole kwenye jina la kitu alichokiandika kabla ya ugonjwa, na alikuwa amesahau alikiandikia wapi. Seva hujua hayo pia. Kemuma akaongeza kitufe kingine: unasimama juu ya neno, unabonyeza, Rigena inaiuliza seva neno hili limezaliwa wapi, na hapo hapo inakupeleka kwenye faili na mstari ambapo lilianzia. Ogeto alikipenda kitufe hicho kuliko orodha. Alikuwa akiruka kutoka neno hadi neno, akirudi, akiruka tena, akitabasamu peke yake. Mtu aliyepotewa na maneno yake yote alifurahi walau kujua haya yanakaa wapi.

Na hapa mwenye kulaumu na alaumu. Katika siku zote hizo Kemuma hakuisoma kazi ya mumewe. Aliikagua kwa macho, akaona hakuna nyekundu, akaridhika. Alijiambia kwamba ni heshima, kwamba mtu mzima hasimamiwi kama mtoto anayeandika imla. Haikuwa heshima. Aliogopa. Mwalimu anayesahihisha kazi za wanafunzi kutwa nzima anajua vizuri kwamba insha inaweza kukosa kosa hata moja la tahajia na bado isiwe imesema kitu. Alijua, akaacha.

Wakampigia Rashad simu kwamba kazi imekwisha.

Rashad aliwapokea mlangoni pa ghala kwa mikono miwili, akamvutia Ogeto kiti kilichokuwa cha baba yake. "Fundi! Mji ulipwaya bila wewe." Akaagiza chai. Ogeto alikuwa amevaa koti la harusi za watu, na Jacinta alikuwa amemnyoa asubuhi ile kwa mkono wake mwenyewe. Kemuma akaiweka programu mpya kwenye kompyuta ya kaunta. Rashad akaanza kuuza mifuko ya kubuni, mmoja baada ya mwingine, hadi kwenye skrini ghala likabaki karibu tupu. Wote wakangoja.

Rashad alipiga simu Nyamache akasema kwa sauti ya chini, "Umepata kitu?" Akasikiliza. Akauza mifuko mingine ya kubuni. Akauliza tena. Akasikiliza.

Ogeto alikuwa ameishika fimbo kwa mikono yote miwili, ule mzima na ule nusu.

"Ah, mtandao wa Nyamache huu!" Rashad alisema, akaiweka simu mezani. "Tangu alfajiri unaenda na kurudi. Mawingu yakishuka kule ndiyo basi tena. Fundi, kazi nimeiona, iko sawa. Tutaungoja mtandao. Kunywa chai, itapoa."

Ogeto alishusha pumzi, akanywa chai. Kemuma alikunywa yake akayaangalia mabega ya Rashad, ambaye alikuwa amewapa mgongo akipanga kitu rafuni kisichohitaji kupangwa.

Simu ilikuja jioni hiyo, Kemuma akiwa shambani kukata majani ya mbuzi.

"Shemeji, usinione mbaya," alisema Rashad. "Mtandao ulikuwa sawa."

"Najua."

"Sikuweza kumvunja mbele ya watu. Yule amenijengea biashara."

"Umefanya vyema, Rashad. Mungu akulipe. Nipe muda kidogo, nitaangalia ni nini."

Aliangalia siku ya pili, Ogeto akiwa amelala baada ya chakula cha mchana. Alisoma kutoka juu hadi chini, kisha akarudi juu. Kila mstari ulikuwa sahihi. Kila jina lilikuwa jina la kweli, lililoletwa na orodha na kuchaguliwa. Programu ilifungua faili, ikahesabu urefu wa orodha, ikauweka kando, ikafunga faili. Ikaita sehemu nyingine, nayo ikafungua, ikahesabu, ikafunga. Hakuna mahali ilipolinganisha kilichobaki na kiasi cha kutosha. Hakuna mahali ilipomtumia mtu yeyote chochote. Ilikuwa kama mtu aliyekwenda soko la Nyamache siku ya soko, akamsalimia kila muuzaji kwa jina, akarudi nyumbani bila kikapu. Kemuma alielewa ilivyokuwa. Ogeto alianza neno, orodha ikashuka, naye akachukua lililokuwa juu kwa sababu lilikuwa neno na lilikuja. Wazo alilokuwa nalo kabla ya kubonyeza lilikuwa limeshaondoka. Jina halikuwa ndilo pekee lililobomoka.

Akakumbuka ule ukurasa wa kwanza, ule wa "fire", ambao Ogeto aliuacha naye akausoma haraka na kuufuta: ulikuwa na makosa kila mahali, lakini katikati ya makosa yale alikuwepo Ogeto, alikuwa anatafuta kitu. Hapa hakuwepo mtu.

Angeweza kumwambia. Jioni kadhaa alifungua mdomo, na kila mara Ogeto alimwonyesha ukurasa mwingine safi, au Jacinta akaingia na uji akisema, "Mwanangu amekuwa mtu tena." Mwishowe akafanya lile rahisi. Aliiandika kazi ya Rashad yeye mwenyewe, chuoni, wanafunzi wakiwa wametoka. Akaificha ndani kabisa, kwenye folda za programu za kuazima, zile zilizoandikwa na watu wengine, mahali ambapo hata mwenye programu haingii. Akaipa jina lile lile ambalo Ogeto aliipa yake. Kisha akabadilisha mstari mmoja mlangoni pa programu, ili jina hilo likiitwa lije la kwake. Zaidi ya hapo, faili za mumewe hakuzigusa hata nukta.

Na programu ikafanya kazi. Rashad alipiga simu akataka kuzungumza na fundi mwenyewe. "Ogeto! Nyamache wamepata ujumbe! Wanakusalimu!" Ogeto hakuweza kujibu, alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja, akimpa Kemuma simu na kuirudisha kwake tena. Jacinta alichinja kuku, akasonga obokima, ugali mkubwa, akawaita wa boma la pili. Kwa majuma yaliyofuata Ogeto alitembea na fimbo hadi barabarani na kurudi, na watu walipomwuliza habari alijibu kwa neno zima, "Kazi." Kemuma alimtazama akajiambia kwamba kama hii ni dhambi, basi ni ya aina ambayo Mungu huipitisha bila kuigeuza upande wa pili.

Lakini njia ya mwongo ni fupi.

Alirudi alasiri moja mvua ikiwa imeanza, ile mvua ya Kisii isiyokosa miadi. Ogeto alikuwa mezani, dirisha limefunguliwa. Hakumwita kwa kidole.

"Rora," alisema. Tazama.

Kemuma alitazama. Kwenye ukurasa mweusi wa Rigena ilikuwa faili yake, ile ya ndani kabisa. Aliutambua mstari wa kwanza kabla hajaweka mkoba chini.

"Nilitaka ona," Ogeto alisema, akiyavuta maneno moja moja. "Yangu. Nikabonyeza… wapi. Ikaleta huku."

Kitufe kile. Alisimama juu ya jina alilolipa kazi yake, akauliza limezaliwa wapi, na seva, ambayo haijui huruma wala haijui kuficha, ikampeleka.

"Ni wewe?"

Kemuma alikuwa na maneno yote, yeye, ya lugha zote tatu, na hakuna lililofaa.

"Ni mimi."

Ogeto aliitikia kwa kichwa. Kisha akaanza kusoma. Alipitisha kidole juu ya skrini mstari kwa mstari, kwa ule utaratibu wa zamani wa kusoma kazi ya mtu mwingine, na Kemuma akaona kwa hofu kwamba anaielewa. Kusoma hakukumtoka kamwe, mtaalamu alisema hivyo. Alifika pale ambapo Kemuma aliumiza kichwa kuliko kwingine kote, pale panapozuia ujumbe mmoja usitumwe mara mbili, akasimama.

"Hapa," alisema. "Safi."

Angemtukana ingekuwa nafuu.

"Yangu," Ogeto aliendelea. "Nyekundu hakuna."

"Hakuna, Baba Sharon."

"Rakini…" Neno likagoma. Mdomo hauna orodha ya kushuka chini yake. Kemuma alijua neno lenyewe, angeweza kumpa, akabana meno. Ogeto alikunjua kiganja akakitazama. Midomo yake ilijaribu, ikarudi, ikajaribu tena, mvua ikinyesha juu ya mabati na wote wawili wakingoja, na hatimaye likamjia lenyewe bila msaada wa mtu.

"Tupu."

Kemuma alipiga magoti akamshika miguu. Alisema samahani kwa Ekegusii, kwa Kiswahili, tena kwa Ekegusii. Ogeto aliuweka mkono wake mzima juu ya kichwa chake. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi; hasira ingekuwa dalili kwamba bado kuna kitu anakipigania.

"Mtandao," Ogeto alisema, akacheka kidogo kwa pua. "Rashad pia?"

"Rashad pia. Alikuonea huruma."

"Mama?"

"Mama hajui. Yeye anaamini."

Ogeto aligeuka kuelekea dirishani. Jacinta alikuwa bustanini amejifunika gunia kichwani, akichuma majani ya mboga ya chinsaga kabla mvua haijayalaza, akiimba wimbo wa kanisani. Alimtazama mama yake mpaka akamaliza kuchuma na kuingia jikoni.

"Usimwambie," alisema.

"Sitamwambia."

"Mimi nitakaa… hapa. Asubuhi. Kama kazi."

Kemuma alielewa, akataka kukataa, akakosa la kuweka mahali pake.

Asubuhi iliyofuata alikuwa akijiandaa kwenda chuoni. Ogeto alikuwa amekwisha kuvaa shati la kazi na kuketi. Jacinta alikuwa kizingitini akipukuchua maharagwe, na jirani yao Momanyi alikuja kuazima bomba la kunyunyizia dawa, akaanza kusalimia kwa ile sauti yake ya kuita ng'ombe. Jacinta alimnyamazisha kwa mkono.

"Polepole wewe," alimwambia. "Mwanangu yuko kazini."

Ndani, Ogeto aliyasikia hayo. Ukurasa uliokuwa mbele yake ulikuwa mpya, hauna kitu. Aliinua mkono wa kushoto akaanza kugonga herufi, zozote zile, na orodha ikawa inashuka na kupanda, inashuka na kupanda, ikimletea maneno ambayo hakuyatazama. Kisha akagonga kwa nguvu zaidi, ili asikike mpaka nje. Kemuma alichukua mkoba wake, akampita mama mkwe mlangoni, akaitikia salamu ya Momanyi na kushika njia.